Eda ya Nusura

Watu wa Nateete, hapa Kampala, wamezoea talaka za kelele. Godoro linatupwa barabarani, mume anafungiwa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, mashemeji wanakunjana mashati mbele ya soko, na majirani wanapata cha kusimulia wiki nzima. Kwa hiyo habari ziliposambaa kwamba Nusura binti Maftah na mumewe Rafiq, yule aliyeko Manchester, wanaachana kwa kukubaliana, kwa simu, tena bila hata mmoja kumtukana mwenzake, watu waliona wamepunjwa. Muuza ndizi mmoja alisema waziwazi kwamba hiyo si talaka, hiyo ni kuagana tu.

Wenyewe hawakuwa na la kugombania. Walikuwa wameoana miaka tisa, na miaka mitano ya mwisho Rafiq alikuwa Uingereza akifanya kazi ghalani, Nusura akiuza vitambaa dukani kwake Kisenyi. Mtoto hawakujaliwa. Kila mwaka Rafiq alisema anakuja, na kila mwaka likazuka la kuzuka. Ikafika mahali wakipigiana simu wanaulizana habari za mvua. Siku moja Nusura akachoka kujibu habari za mvua, akauliza, "Rafiq, hivi sisi bado ni mke na mume kweli?"

Rafiq akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Alisema swali hilo hata yeye analo siku nyingi, aliogopa tu kuonekana msaliti. Mchana ule walizungumza kuliko walivyozungumza mwaka mzima, wakakumbushana mambo ya utotoni, wakacheka mpaka Nusura akapitwa na wateja wawili. Walipokata simu walikuwa wamekwisha kukubaliana. Nusura aliona mwili wake mwepesi, akashangaa kumbe alikuwa amelemewa kiasi kile.

Kazi ilikuwa kumwambia Mzee Maftah.

Mzee Maftah, baba yake Nusura, alikuwa mwalimu wa madrasa na muuza kanzu na udi. Babu zake walikuja na misafara ya pwani wakabaki hapo, na yeye Kiswahili chao alikilinda kwa wivu. Ukimsalimu vibaya alikurekebisha kwanza ndipo akuitikie. Mkewe alifariki zamani. Watoto aliowalea ni wawili tu: Nusura aliyemzaa, na Rafiq ambaye hakumzaa. Baba yake Rafiq alikuwa sahibu yake wa kufa na kuzikana, akauawa siku za mwisho za vita vile vilivyoisha mwaka themanini na sita, na mama yake hakukawia kumfuata. Maftah akamchukua mtoto angali hajui kufunga vifungo vya shati lake. Akamlaza katika chumba cha madrasa, akamfundisha kusoma, akatembea naye mjini akimwita mwanangu. Alipomwoza binti yake, watu walisema Mzee hakupata mkwe, amemfunga tu mwanawe asitoke nyumbani. Mzee alicheka sana kusikia hivyo.

Safari hii hakucheka. Alimsikiliza Nusura mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu.

"Rafiq naye kasema hivyo?"

"Tumesema wote, Baba."

"Basi kama mmekubaliana, mimi nani?" akasema. Nusura alimbusu mkono kwa shukrani. Alikuwa amejiandaa kwa vita, akapewa amani, na mtu akipewa amani ghafla hakagui.

Walikutana Jumamosi baada ya adhuhuri, sebuleni kwa Mzee. Sheikh Zubairi wa msikiti wa jirani alikuja na mashahidi wake wawili. Zahara, shangazi yake Nusura, alitoka kwake Ntinda kwa foleni ya kutosha, akalipia ule ushuru wa mitandao uliokuwa ukiwaudhi watu wote mwaka ule, akaisimamisha simu ya Nusura mezani ikiegemea chupa ya chai. Rafiq akatokea kwenye kioo, amevaa kofia ya kufuma, nyuma yake ukuta mweupe.

Sheikh Zubairi alikuwa Muganda msomi. Kiarabu chake kilinyooka, Kiswahili chake kilikwenda kinavyotaka, na Mzee Maftah aliumia kwa kila sentensi.

"Bwana Lafiki, wewe nasikia mimi?"

"Nakusikia, sheikh."

"Geuza simu kidogo, mimi naona chumba. Hakuna mutu nakurazimisha?"

Rafiq akazungusha simu. Wakaona kitanda, dirisha, na jiko lenye sufuria moja. Hakuna mtu.

"Mzee, unashuhudia huyu ni yeye?"

"Nimemlea huyu," Mzee alijibu. "Hata akikohoa gizani namjua."

Nusura alikuwa amezifunga bangili zake mbili za mahari ndani ya kitambaa. Sheikh ndiye aliyemwambia wiki moja kabla aje nazo, ili mambo yawe safi, na Rafiq alikubali kuzipokea. Alipozisogeza mezani, Mzee Maftah aliruka kama aliyemwagiwa chai ya moto.

"Toa hizo! Katika ukoo wetu mwanamke harudishi mahari. Anayerudisha ni aliyekosa. Wewe umekosa nini?"

"Baba," Rafiq alisema kutoka simuni, "tulishaelewana na Nusura. Sheikh mwenyewe ndiye—"

"Huko ndiko mnakofundishwa kumvua mwanamke bangili zake?"

Rafiq akainamisha kichwa. Tangu utoto hajawahi kumjibu Mzee mara ya pili. "Basi, Baba. Awe nazo. Halali yake."

Zahara alisema mashallah, mashahidi wakatikisa vichwa kusifu ungwana wa watu hawa. Sheikh Zubairi peke yake ndiye aliyekuna ndevu. "Mzee, wewe ni mwalimu. Unajua hii mambo nabadirika, kama hakuna kitu narudi?"

"Sheikh, nilikuwa nafundisha dini wewe hujatahiriwa," Mzee akasema, na sebule nzima ikacheka. Nusura naye alicheka. Alitaka jambo liishe, akazirudisha bangili kwenye kitambaa. Rafiq akatamka talaka moja, polepole, sauti ikitetemeka kidogo. Akamwambia, "Nusura, nisamehe popote nilipokukosea." Nusura akasema nami nisamehe. Wote wawili wakafuta machozi, na ikawa basi.

Ikaingia eda. Nusura alikaa nyumbani kwa baba yake kama ipasavyo, akingoja ile miezi ya mwanamke ipite ndipo awe huru kabisa. Vitambaa vyake vilishikwa na jirani wa duka. Alidhani angehuzunika. Haikuwa hivyo. Alipika, alipaka kuta za chumba rangi, aliimba hata Mzee akamwambia apunguze sauti, majirani watasemaje.

Tena kulikuwa na Wanjala. Huyu alikuwa Mkenya wa Mumias, Mwislamu, aliyefiwa na mke, akiuza springi za malori Kisenyi, mkabala na duka la Nusura. Katika miaka yote ile hakumwambia Nusura neno zaidi ya salamu na "mvua inakuja, ingiza vitu." Talaka ilipopita alimwendea Zahara kwa adabu zote, akamwambia, "Shangazi, sitaki kumsumbua mtu akiwa kwa eda. Ikiisha tu, nitabisha hodi." Zahara hana kifua. Siku ileile alimwambia Nusura, na kesho yake akamwambia Mzee Maftah. Nusura aliulizwa anaonaje, akasema ataona, lakini usiku ule tabasamu lilikataa kumtoka. Mzee yeye alisema "kheri," akaomba maji ya kunywa.

Eda ikaisha. Nusura alioga, akavaa dera jipya, Zahara akampaka hina mikononi huku akimtania mpaka akaona haya. Wanjala akataka kuja. Mzee akasema wiki hii ana mgeni. Wiki iliyofuata akasema mgongo unamsumbua. Nusura akaona ni uzito wa baba kumwachia binti, akamwonea huruma, akamkanda mgongo kwa mafuta. Mwishowe Zahara akakasirika, akamwambia kaka yake kwamba watu watakuja Jumapili, mgongo utake usitake.

Wakaja. Wanjala alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Alikuja na mjomba wake kutoka Mumias, na mshirika wake wa biashara, Sifuna, Mkristo wa watu, aliyeazima kofia ya kiua isiyomtosha, kila akicheka inamdondokea. Sheikh Zubairi aliitwa pia. Nusura na Zahara walikaa ukumbini nyuma ya pazia, wanasikia kila kitu. Nusura alikuwa amemshika shangazi yake mkono na hataki kuuachia.

Mjomba akasema maneno yake mazuri. Wameona ua katika nyumba hii, wanaomba ruhusa ya kulichuma. Kikombe kikagonga kisahani. Kisha sauti ya Mzee Maftah ikasikika.

"Hapa hakuna wa kuposwa. Nusura ni mke wa mtu."

Wageni wakaangua kicheko. Zahara naye, nyuma ya pazia, alijiziba mdomo kwa mtandio. Ndiyo desturi. Posa bila wenye nyumba kujifanya wagumu hainogi, lazima mgeni azungushwe kidogo, aambiwe binti hayupo, binti kasafiri, binti hamjui. Sifuna alikuwa ameandaliwa kwa hayo, akadakia mara moja.

"Mzee, huyo mtu mwenyewe tutamhonga mbuzi! Aje tu tuongee!"

Kofia ikadondoka. Wakacheka tena. Nusura naye alicheka, akimwazia baba yake mtani asiyeisha vituko.

"Sitanii," Mzee Maftah akasema. "Rafiq amemrejea."

Kicheko kilikatika vipande vipande, kwanza cha mjomba, kisha cha Wanjala, cha mwisho cha Sifuna ambaye hakuelewa.

"Amemrejea kabla eda haijaisha," Mzee aliendelea, akisoma maneno kama mtu aliyeyakariri. "Ametamka mwenyewe. Shahidi mmoja ni mimi, nilimsikia kwa simu. Wa pili ni mtu wa msikiti wa huko aliko. Mimi ni walii wa binti yangu, siwezi kumwoza mke wa mtu. Ningefanya hivyo ningekwenda motoni."

Nusura hakukumbuka baadaye alivyolivuka pazia. Alijikuta tu amesimama katikati ya wanaume, kichwa wazi, mikono ina hina. Alimwona Wanjala akiinua macho na kuyashusha upesi.

"Nani amemrejea nani?" aliuliza.

"Mwanangu, ingia ndani."

"Baba, nani amemrejea nani?"

Nusura akamgeukia Sheikh Zubairi, na sheikh akatazama zulia. "Mzee," sheikh akauliza taratibu, "hiyo maneno Lafiki nasema siku gani?"

"Ile Alhamisi iliyonyesha mvua ya mawe."

Kila mtu Kampala aliikumbuka mvua ile, ilitoboa mabati. Sheikh akakohoa, akaongea bila kumtazama mwanamke. "Mama, samahani kuuriza mbere ya watu. Siku ile ya mawe, wewe ulikuwa nshamaliza eda?"

Nusura akahesabu. Hakutaka kuhesabu lakini kichwa kilihesabu chenyewe. Siku ile ya mawe alikuwa anaanua nguo, na bado, bado alikuwa ndani ya eda, zimebaki siku chache mno. Alitikisa kichwa kukataa.

"Basi ni kweri," Sheikh Zubairi akasema. "Talaka ile ilikuwa moja, na hakuna kitu kilirudi. Hiyo ni talaka ya kurejea. Mume anaweza kurudisha mke wake ndani ya eda, na mke si razima aurizwe. Si razima hata ajue." Akavuta pumzi. "Wewe ni mke wa Lafiki, mama. Toka siku ile ya mawe."

Toka siku ya mawe! Wiki zote zile alizooga akajiona huru, dera jipya, hina, nyimbo, tabasamu lile la usiku, alikuwa mke wa mtu bila habari, na mtu aliyekuwa nayo habari alikuwa akila chakula chake mezani na kukandwa mgongo. Alimtazama baba yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Zahara alikuwa ameketi chini ukumbini, analia kwa sauti.

Wanjala akasimama. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mzee, mimi siwezi kukaa kwa hii nyumba nikiangalia bibi ya mtu. Nusura, nisamehe. Ningejua singekuja kukuaibisha." Mjomba wake akamshika kiwiko. Sifuna akaivua kofia ya kuazima, akatoka ameikunjakunja mkononi, na hatua zao zikasikika uani mpaka geti likafungwa.

Nusura akaichukua simu yake. Akabonyeza mara tatu ndipo ikaita. Aliisimamisha mezani palepale iliposimama siku ya talaka. Alikuwa na matusi mengi tayari, mengine hakujua kama anayajua.

Rafiq akatokea, amevaa kizibao cha kung'aa cha ghalani. Alipomwona uso wake ulichanua wote.

"Nusura! Baba amekwambia? Alisema anasubiri siku nzuri, nimengoja mpaka nimechoka!"

Hakutegemea furaha. "Umenifanyia nini, Rafiq?" aliuliza. "Tulikubaliana. Tulisameheana. Umenifanyia nini?"

Furaha ikaanza kumtoka Rafiq usoni. "Si... Nusura, si ulikuwa unaumwa?"

"Nani?"

"Baba alinipigia. Alisema umekonda, huli. Alisema unajifungia chumbani unalia, unaniita. Nikamwambia nikupigie, akasema usimpigie, atakana kwa haya, huyu namjua. Akasema eda bado siku chache, nikimwacha mpaka iishe atakufa mtoto wa watu." Rafiq alikuwa anaongea haraka sasa, kama anayekimbia kitu. "Nikajiuliza, mimi ni mtu gani? Mwanamke ananilia vile na nimelelewa nyumbani kwao. Nikaenda msikitini, nikatamka."

"Rafiq, mimi sikulia."

"Hukulia?"

"Sikulia hata siku moja. Nilikuwa naimba. Nilikuwa na furaha, Rafiq, wallahi nilikuwa na furaha."

Nyuma ya Rafiq mashine ilikuwa ikilia pipi, pipi, ikirudi nyuma, na mtu akamwita kwa Kiingereza, hakuitika. Alikuwa amefungua mdomo kama aliyepigwa kofi.

"Kulikuwa na mtu hapa," alisema mwishowe. "Nabwire. Dada mmoja Msamia wa Busia, tulikuwa tumepanga kuoana... Nilimwambia mke wangu anakufa kwa ajili yangu. Nilimwacha analia kituo cha basi. Amehama mji, Nusura. Sijui hata aliko."

Nusura aliketi. Hasira yote aliyoibeba kumbe haikuwa ya huyu. Akageuza shingo polepole, na simuni Rafiq naye alikuwa anamtafuta yule mzee kwa macho.

"Baba," Rafiq akasema. "Ni kweli?"

Mzee Maftah alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi. Sheikh Zubairi ndiye aliyesema.

"Mzee. Siku ile ulikataa bangiri zirudi. Zingerudi, ingekuwa khului, mwanamke najikomboa kwa mahari yake, mulango umefungwa, hakuna kurejea. Wewe ulijua."

"Nilijua," Mzee akasema.

Zahara alinyamaza kulia. Hata yeye, anayemjua kaka yake tangu utoto, alikuwa ameingia mlangoni na kusimama, mtandio umemwangukia shingoni.

Nusura aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kile kitambaa cha bangili, akakifungua juu ya meza mbele ya kioo ili Rafiq aone. "Sheikh, nataka kuachika. Narudisha hizi. Rafiq, utazipokea?"

"Nitazipokea," Rafiq akasema upesi.

"Rafiq!" Mzee Maftah akaita.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, Rafiq hakuinamisha kichwa. "Sheikh, wewe uzishike kwa niaba yangu. Nakuwakilisha. Mnanisikia wote?"

Sheikh Zubairi aliita wazee wawili kutoka duka la jirani wawe mashahidi, akahakikisha kila mmoja anaona kioo na anasikia sauti. Akamwuliza Nusura kama analazimishwa, akamwuliza Rafiq kama analazimishwa. Akazichukua bangili kwa mikono miwili. Rafiq akatamka, na safari hii sauti yake haikutetemeka, ilikuwa imechoka tu.

"Imeisha," sheikh akasema. "Mama, utakaa eda upya kuanzia reo. Lakini sasa hakuna kurejea. Lafiki akitaka, hapana. Mzee akitaka, hapana."

"Nusura," Rafiq akasema.

"Nenda kamtafute," Nusura akamjibu. "Usikae hapo. Nenda kamtafute mwenzio."

Rafiq akaitikia kwa kichwa. Alimtazama Mzee Maftah kidogo. Kioo kikawa cheusi.

Sheikh na mashahidi wakaaga, hawakuonja hata chai. Zahara akaingia chumbani kwa Nusura bila kuulizwa, akaanza kukunja nguo na kuzitia kwenye begi. Eda hii ingekaliwa Ntinda, hilo halikuhitaji mjadala. Sebuleni wakabaki wawili, baba na binti, na vikombe vya wageni vimejaa.

"Niambie sababu tu," Nusura akasema. "Nitaondoka, lakini niambie."

Mzee alipoongea, kile Kiswahili chake kilichonyooka kilikuwa kinamponyoka. "Baba yake alifia mikononi mwangu. Nilimwahidi mtoto wake hatatoka nyumbani kwangu. Mkiachana yule anakuwa nani kwangu? Mtu tu, yuko Ulaya. Angeoa huko, asingerudi tena. Ningempataje? Nilikuwa nimebakiwa na kamba moja."

"Kamba," Nusura akasema.

"Nusura, mwanangu—"

"Na mimi, Baba?" Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, hakuyafuta. "Yeye ulimwahidi baba yake. Mimi uliniahidi nini? Ulinizaa niwe kamba ya kumfungia mtu? Uliniona naimba humu ndani. Uliniona nimepaka kuta rangi. Ukatoka nje, ukapiga simu, ukasema nakufa. Mimi ni nani kwako, Baba? Nijibu hilo moja niende zangu."

Alingoja. Alingoja kwa dhati, maana alikuwa tayari kupokea jibu lolote, hata la uongo. Zahara alikuwa ametoka na begi, akasimama mlangoni naye akingoja. Mzee Maftah alinyanyua macho yenye maji, yakapita usoni kwa binti yake yasitulie, yakaangukia mezani. Akainama mbele, akaisogelea ile simu iliyokuwa imezimika kitambo.

"Rafiq," akasema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, bado upo?"

Nusura akaichukua simu yake, akaitia kwenye mkoba, akamfuata shangazi yake nje.